Aliyeegemewa

Hospitalini hawakusema kwamba Namnyaki atakufa. Walisema arudi nyumbani akapumzike. Wakampa chupa ya morfini ya maji na kumwonyesha binti yake, Lilian, namna ya kuipima. Daktari, kijana mwenye adabu, alimvuta mume wa mgonjwa pembeni ya korido.

"Mchungaji," alisema, "sisi tumefika mwisho wetu. Hatua iliyobaki wewe ndiye mtaalamu wake."

Alisema kwa heshima kabisa. Mchungaji Sifael Nnko akamshukuru, akatoka nje kutafuta gari.

Walikaa Moshono, kwenye nyumba ya matofali waliyoijenga kidogo kidogo mpaka ikaisha. Sifael hakuwa na usharika wa kuongoza. Kwa miaka mingi alikuwa akifundisha teolojia na falsafa ya dini katika chuo kimoja upande wa Makumira, na wanafunzi wake, ambao sasa walikuwa wachungaji kuanzia Karatu mpaka Same, walimkumbuka kwa somo moja, somo la Mungu aliyejificha. Alilifundisha kwa sauti ya chini, bila kusoma popote. Alikuwa akiwaambia kwamba kimya cha Mungu nacho ni namna ya kuwepo, na darasa lilikuwa likinyamaza hadi mtu anasikia ndege nje. Mke wake alifundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya jirani na nyumbani, na hakuwahi kukaa kwenye somo hilo hata mara moja. "Mimi nikitaka kimya," alikuwa akisema, "nasubiri watoto waende mapumziko."

Walimlaza chumba cha mbele, kitanda kikaelekea dirishani. Asubuhi mlima ulikuwa ukionekana wote, mpaka kileleni. Siku ile ya kurudi, Lilian alipokwenda jikoni kupika uji, Namnyaki alimgeukia mumewe.

"Baba Lilian, sali."

Sifael akachukua kitabu cha ibada kilichokuwa mezani, akaanza kufungua ukurasa wa sala za wagonjwa.

"Weka hicho kitabu. Hicho hata mzee wa kanisa anaweza kunisomea. Sali yako."

Akafumba macho, akasali. Maneno yalikuja, maana hayakuwahi kumkwama. Alikuwa na sauti nzuri, nzito, na alijua mahali pa kusimama na mahali pa kushuka. Wakati akisali alijisikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Aliposema amina, Namnyaki alivuta pumzi ndefu.

"Asante. Hata maumivu yamelegea."

Ilikuwa morfini. Sifael alijua, akajibu, "Mungu ni mwema."

Hilo, kwamba alisali bila kuamini, halikujulikana na mtu yeyote, nyumbani wala chuoni. Haikuwa kwamba siku moja aliamka akaikataa imani. Hakufiwa na mtoto, hakukosana na askofu, wala hakuna hoja iliyomshinda. Ilikuwa kama mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba cha pili, anaongea huku akifanya kazi zake, kisha anagundua kwamba ni muda mrefu hajajibiwa, na hakumbuki ni lini aliacha kungoja jibu. Mwanzoni aliuita ukame. Watawa wa kale waliupitia, masufi waliupitia, wacha Mungu wa kila dini wameandika juu yake, na yeye mwenyewe alikuwa na mhadhara mzuri kuhusu jambo hilo. Lakini watu wale wa kwenye mhadhara walikuwa na kiu. Yeye hakuwa na kiu. Alifundisha, alihubiri alipoalikwa, alibariki ndoa, na ndani yake palikuwa pakavu bila maumivu yoyote.

*

Mama yake Namnyaki alikuja kutoka Oldonyosambu na kibuyu cha maziwa, shuka mbili na mfuko wa mahindi. Familia yote ilimwita Yeyo, yaani mama, isipokuwa Lilian, aliyemwita Koko, yaani bibi. Alikuwa Mlutheri aliyebatizwa akiwa mtu mzima, na hakukosa ibada. Lakini kila asubuhi, kabla ya kusema na mtu, alikuwa akitoka uani na kumwaga maziwa kidogo kuelekea jua linapotokea, akimwita Engai, Mungu kwa Kimaasai, sauti ya kawaida tu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya boma. Kisha aliingia ndani, akachovya vidole kwenye maziwa, akamnyunyizia binti yake kifuani na kwenye paji la uso.

"Unamwambia nini muda wote huo, Koko?" Lilian alimuuliza siku moja wakipika loshoro ya mahindi na maziwa.

"Kila kitu. Nimemwambia mama yako hali. Nimemwambia mvua Oldonyosambu ni mbaya. Nimemwambia kuna ng'ombe wa jirani anaingia shambani kwangu."

"Na anajibu?"

"Mtu mkubwa hajibu kila kitu," bibi alisema, akaendelea kukoroga.

Wa pili kuja kumwombea mgonjwa alikuwa Mama Shamimu. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mjane, muuza vitenge, na uzio wake ulishikana na wa akina Sifael. Alikuwa akija baada ya sala ya alasiri na chupa ya uji wa ulezi. Alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha mgonjwa, akatoa tasbihi, na taratibu, midomo ikicheza, akalitaja jina la Mungu. Hakuongeza kitu. Jina lile lile, tena na tena, kwa pumzi ndogo, mpaka Namnyaki anasinzia. Kisha aliinuka kimya kimya, akachukua chupa ya jana na kwenda zake.

"Yeyo anamweleza Mungu kila kitu," Namnyaki alimwambia mumewe jioni moja, "mpaka habari za ng'ombe wa jirani. Mama Shamimu hamwambii chochote. Na wewe unaongea naye kama wakili." Akacheka, kicheko kikamuumiza. "Msiache, ninyi watatu. Nikiwasikia najiona kama nilivyokuwa mtoto. Niko chumbani gizani, wakubwa wanazungumza huko nje, siyaelewi maneno yao, lakini najua hawajaondoka."

Sifael alimfunika miguu. Moyoni alimwonea wivu yule jirani wa tasbihi.

Siku iliyofuata alimsindikiza Mama Shamimu mpaka getini, akamuuliza kama mwanafunzi, "Unapolitaja lile jina, jirani, unasikia nini?"

Mwanamke alishangaa kuulizwa na mtu msomi. Akafikiri.

"Kuna siku nasikia. Kama mtu amenishika bega. Siku nyingi sisikii kitu, mchungaji. Nataja tu."

"Na siku hizo ambazo husikii, unajuaje kwamba hutaji hewa?"

"Sijui," Mama Shamimu alisema. "Lakini siku hizo ndiyo nataja kwa nguvu zaidi. Nakuwa na hamu."

Akamtakia jioni njema, akaenda. Sifael alibaki ameshika geti. Alitamani kuwa na hamu ile hata kwa dakika moja.

*

Wageni kutoka usharikani walikuja Jumamosi. Mzee Elisaria, mzee wa kanisa, alivaa koti licha ya joto. Penina, kiongozi wa akina mama, alileta mkungu wa ndizi. Walimwona mgonjwa, wakaimba ubeti mmoja, wakasali. Kisha wakaomba kuzungumza na mchungaji sebuleni. Lilian aliwaletea chai akatoka. Mlango wa chumba cha mbele haukufungwa vizuri.

"Mchungaji, tumekuja kuwaona," Penina alianza, "na pia tumetumwa."

"Karibuni. Semeni."

Mzee Elisaria alikohoa. "Kuna maneno. Sisi hatuyaamini, lakini maneno yapo. Kwamba katika nyumba hii inasomwa dua ya Kiislamu kila jioni. Na kwamba maziwa yanamwagwa na Engai anaitwa, kama enzi za mababu. Nyumba ya mchungaji. Tena mwalimu wa wachungaji."

"Mama mkwe wangu ni Mkristo."

"Tunajua. Ndiyo maana inauma zaidi."

Sifael alikuwa na la kusema. Kila mwaka mwanafunzi mmoja lazima angeuliza mtu wa dini nyingine anapoomba anasikiwa na nani, naye alikuwa akijibu, "Jiulize kwanza wewe unapoomba unasikiwa na nani," na darasa zima linacheka. Angeweza kuwaambia kwamba hakuna mwenye hatimiliki ya kilio cha mgonjwa. Lakini mtu anayesema hivyo inabidi awe amesimama mahali fulani, na yeye alijitafuta ndani asione alipokanyaga.

"Mke wako ni mwenzetu," Penina alisema kwa upole. "Ameimba alto kwaya yetu ujana wake wote. Siku yake ikifika tunataka tumsindikize kwa heshima zote, kwa nyimbo, kwa joho. Hatutaki mtu aseme aliondoka akisomewa na huku na huku. Unaujua utaratibu wa marudi, aliyetengwa na kanisa hazikwi na mchungaji. Mchungaji wa usharika asije akapata kigugumizi pale kaburini."

"Nimewaelewa."

"Basi utalishughulikia?"

"Nitalishughulikia," alisema Sifael, na akawamiminia chai nyingine.

Jioni ile alimsubiri Mama Shamimu getini ili asiingie. Alimwambia kwamba mgonjwa anachoka na wageni, kwamba labda apumzike kidogo, wiki moja hivi, halafu wataona. Aliyasema yote akitazama chupa ya uji. Mama Shamimu alikuwa amewaona wageni wakitoka mchana, na hakuwa mjinga.

"Haya, mchungaji. Uji huu basi umpelekee wewe. Una tangawizi kidogo, anaupenda hivyo."

"Asante, jirani."

"Sina neno," alisema, na akashika njia ya kwake. Yeyo hakuambiwa kitu. Alikuwa amesikia maneno ya sebuleni, akachukua kibuyu chake na kuanzia siku hiyo akawa anamwagia maziwa nyuma ya banda la kuku, pasipoonekana na barabara.

*

Mvua ilishika mchana, ikapiga bati kwa kelele, na mlima ukapotea. Lilian alikuwa ameteremka mjini kufuata dawa. Namnyaki aliamka kwenye usingizi wa morfini akiwa amelowa jasho.

"Mama Shamimu hakuja jana. Wala juzi."

"Nilimwomba apumzike kidogo."

"Nani kachoka?"

Sifael alichukua taulo, akampangusa jasho.

"Nilisikia yule Penina. Nikasema mume wangu atawajibu. Nikangoja nisikie utawajibu nini." Akafunga macho, akafungua. "Haya, yameshapita. Umemfukuza, basi kaa wewe. Vuta kiti. Nishike mkono usali mpaka nilale. Leo naogopa."

Akavuta kiti, akamshika mkono. Mkono ulikuwa mwepesi, kama wa mtoto. Alifungua kinywa, na maneno yalikuwa hapo hapo, yamejipanga. Pengine ilikuwa aibu ya getini. Pengine alidhani kwamba mtu akikaa na mke wake siku za mwisho, ukweli ndio zawadi pekee iliyobaki. Mwenyewe hakuja kujua.

"Siwezi, Namnyaki."

"Umechoka?"

"Sijachoka. Sina cha kusali nacho. Nasema maneno, lakini hayaendi popote. Ni muda mrefu sasa."

Mvua ilizidi. Namnyaki alijaribu kuinuka kwa kiwiko, akashindwa.

"Tangu lini?"

"Sijui. Ni miaka."

"Ulipomzika baba yangu?"

"Tayari."

"Lilian alipopata kipaimara, ukalia mbele za watu?"

"Nililia kwa sababu ya Lilian."

"Na kule hospitalini? Wakati wananiingiza kwenye mionzi, ulinishika kichwa. Nikawaambia wale manesi, niacheni kidogo, mume wangu ananiombea."

"Nilisema maneno," Sifael alisema.

"Maneno."

Akaanza kueleza. Alisema hakutaka aondoke huku kuna uongo kati yao. Alisema hata watu wakubwa wa imani walifika mahali hapo, na kwamba huenda giza lenyewe ni njia. Sauti yake ilipata nguvu kidogo, kama darasani, na Namnyaki akainua kidole kumnyamazisha, vile alivyokuwa akiwanyamazisha watoto wa darasa la pili.

"Ulitaka nani apumue, Baba Lilian? Mimi au wewe?"

Sifael alivuta shuka, akamfunika mabega.

"Unajua mimi sikuwahi kuwa nayo?" alisema Namnyaki. Alikuwa akiongea kwa kupumzika kila baada ya maneno machache. "Imani. Tangu msichana. Niliimba alto nikiangalia saa. Nikisali najisikia naongea peke yangu, naona haya. Nikasema si kitu, nimeolewa na anayejua. Kama Sifael amesoma vitabu vyote vile na bado anapiga magoti, basi kitu kipo. Mimi nitapita nyuma yake, kama watu wanavyoingia harusini bila kadi. Watauliza huyu nani, utasema huyu niko naye."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye ulikuwa umeshikilia." Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, hakuyafuta. "Hata Yeyo, hata Mama Shamimu, niliwafurahia kwa sababu wewe ulikuwa pale mlangoni umesimama. Nilikuwa nasema, hawa wanamtaja, na huyu anamjua. Sasa hata wewe huna kadi."

Sifael aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Alingoja mkono wake umguse, kama ulivyozoea kumgusa. Haukumgusa.

*

Mvua ilipokatika alikwenda mwenyewe kwa Mama Shamimu, viatu vikiwa na matope. Alimwambia kwamba amekosea, na kwamba hakuna mgonjwa aliyekuwa amechoka. Mama Shamimu hakumwacha arefushe maneno. "Ngoja nichukue ushungi," alisema.

Alikaa kwenye kigoda chake, akatoa tasbihi. Namnyaki akageuza uso kumtazama.

"Kaa tu, jirani. Usitaje."

Mama Shamimu aliirudisha tasbihi mfukoni. Alikaa mpaka jua likashuka, mikono mapajani, na ilikuwa vigumu kwake kwa sababu hakuzoea kukaa na mgonjwa mikono mitupu. Alikuja hivyo kila siku, mpaka mwisho.

Kwa Yeyo ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi alipochovya vidole kwenye maziwa, Namnyaki alivuta shuka juu. "Usininyunyizie, Yeyo. Nasikia baridi." Bibi alibaki mkono ukiwa hewani, matone yakianguka sakafuni. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama mkwewe aliyekuwa mlangoni. Tangu walipooana alikuwa akimwita Pakiteng, kwa ajili ya ng'ombe waliyepeana, na hakuwahi kumwita kwa ukali.

"Pakiteng. Umemwambia nini mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama."

"Alikuwa anakufa vizuri," bibi alisema.

Woga ulimwingia Namnyaki, na morfini haikuufikia. Alikuwa akishtuka mchana kweupe na kumshika Lilian nguo. Hakutaka mlango ufungwe, hakutaka aachwe hata mtu anapoenda kuteka maji. Lilian, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, alidhani ni maumivu, akawa anamsomea zaburi kwa sauti. "Soma, mwanangu, soma," mama yake alisema, akatazama dari, na Lilian aliona kwamba mama anasikiliza.

Kwa baba yake alikuwa na heshima mpya. Alimwona akikaa kwenye kiti kile bila kuondoka, akimwosha mama, akimgeuza, akimlisha kwa kijiko, bila kulalamika na bila kupandisha sauti. "Baba hatikisiki," aliwaambia wenzake kwenye simu, na Sifael alisikia kutoka chumbani.

Asubuhi moja, Lilian alipotoka kuanika mashuka, Namnyaki alimwita mumewe karibu.

"Lilian hajui?"

"Hajui."

"Asijue."

"Namnyaki..."

"Anaegemea, kama mimi. Naona anavyokutazama. Ulichonifanyia mimi usimfanyie yeye. Hata akizeeka. Hata akikuuliza."

"Nimdanganye maisha yangu yote?"

"Mimi ulinidanganya miaka yote hiyo na nilikuwa salama." Alisubiri pumzi irudi. "Niapie."

"Niape kwa nini?" Sifael aliuliza, na lilikuwa swali la kweli.

Namnyaki alikaribia kucheka. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa zamani.

"Basi sema tu ndiyo."

"Ndiyo."

*

Alikufa Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Kulikuwa na jua. Yeyo alikuwa uani, Lilian jikoni akipasha maji. Sifael alikuwa kwenye kiti. Namnyaki alifungua macho, yakatembea ukutani kama anayetafuta mlango.

"Sifael. Kule hakuna kitu?"

"Kipo," alisema haraka. "Yupo, Namnyaki. Yupo, nakwambia. Anakungoja."

Macho yalimgeukia, yakamsoma. Aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya mimbarini, nzuri, nzito, yenye kusimama mahali pa kusimama. Hakusema neno jingine. Alimshika mkono kwa nguvu ambayo hakujua kwamba bado anayo, akauminya mpaka alipoishiwa, na macho yakabaki wazi yamejaa woga. Sifael aliyafunga kwa vidole vyake. Yalichukua muda kufungika.

Lilian aliingia na beseni. Alipoona, aliliweka chini taratibu, maji yasimwagike, kabla ya kuanguka kando ya kitanda.

"Alisema nini, Baba? Alisema kitu?"

"Alisema anakwenda kwa amani," Sifael alijibu.

*

Walimzika Poli, kwenye shamba la baba yake Sifael, kati ya migomba na mibuni. Hakukukosekana heshima hata moja. Kwaya mbili ziliimba. Wachungaji waliofundishwa na Sifael walikuja na majoho yao, wakasimama safu nzima chini ya turubai. Mchungaji wa usharika hakupata kigugumizi. Mzee Elisaria alisoma wasifu wa marehemu, na alipofika kwenye sentensi ya kwamba mama huyu aliishi na kulala katika imani ya kanisa lake, alitua kidogo na kumwinamishia mfiwa kichwa. Mama Shamimu alikuja na akina mama wengine wa mtaani kwao, akiwa amefunga ushungi mweusi. Penina alimwonyesha pa kukaa, nyuma, kwa majirani, karibu na masufuria. Alikaa hapo. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Yeyo hakulala Poli. Udongo ulipomalizika kusawazishwa alichukua shuka zake, akapanda gari lililokuwa likirudi upande wa Oldonyosambu. Sifael alimsindikiza mpaka barabarani na kuinamisha kichwa apate kubarikiwa, kama desturi. Bibi alikigusa kwa ncha za vidole, kwa kuwa kutokukigusa kungekuwa laana, lakini hakutamka kitu.

Baada ya matanga kuvunjwa, ndugu walipokuwa wakirudisha viti vya kukodi, Lilian alimkuta baba yake amekaa peke yake barazani. Lilian alikuwa amenyolewa nywele asubuhi ile na shangazi zake, na uso wake ulionekana mdogo, mtupu. Akakaa kwenye ngazi, miguuni pa baba yake.

"Baba, nina jambo. Nilikuwa nasubiri watu wapungue."

"Sema, mwanangu."

"Sitaki kufundisha. Nimeandika kuomba kuingia kwa masista wetu wa Kilutheri, nyumba yao ya malezi. Watanichukua mwezi wa kwanza, nikiwa na baraka ya mzazi." Aliongea haraka, kama mtu aliyejizoeza. "Nilikuwa na hamu hiyo tangu sekondari, lakini nilikuwa na shaka sana. Nilikuwa najiuliza, je, nikitoa maisha yangu yote, hakuna mume, hakuna watoto, halafu nikute ni bure? Nilikuwa nataka kukuuliza, naona aibu. Halafu nikakuona na Mama. Ulivyokaa naye. Nikajua. Mtu hawezi kukaa vile kama hakuna anayemshika."

Sifael alitazama migomba. Mwanamke mmoja alikuwa akifagia majani mahali palipokuwa na turubai.

"Una miaka ishirini na mbili," alisema. "Hakuna haraka."

"Najua. Lakini sina shaka tena, Baba. Kwa ajili yako sina." Alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile kulikuwa na mwanga usoni mwake. "Ni kweli, si ndiyo? Niambie tu mara moja, kwa mdomo wako, halafu sitakuuliza tena."

Kulikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa ndogo, upana wa pumzi moja, na Sifael aliiona. Aliona pia macho yaliyochukua muda kufungika, na mkono wa bibi ukiwa hewani unadondosha maziwa. Alifikiri juu ya miaka yote aliyobakiza Lilian, asubuhi zote za kupiga magoti kwenye kanisa dogo lenye baridi, akizeeka. Hakujua kama angekuwa anamwokoa au anamuua. Alitafuta mtu wa kumuuliza, na hakukuwa na mtu.

"Ni kweli," alisema.

Lilian alipiga magoti pale pale kwenye saruji, akainamisha kichwa. Sifael aliinuka, kwa kuwa baraka haitolewi mtu akiwa ameketi. Aliweka viganja vyote viwili juu ya kichwa kile kilichonyolewa, chenye joto la jua, akatamka maneno kwa ukamilifu wake, polepole, bila kuruka hata moja. Ndugu waliokuwa wakibeba viti walisimama, wakavua kofia. Baadhi yao walifuta machozi.

Lilian aliitikia amina, akasimama, akajipangusa vumbi magotini. Alimbusu baba yake mkono na kukimbia kwenda kuwaambia shangazi zake.